Filamu Moja, Waongozaji Saba

Saa tatu asubuhi, Pyo Geum-suk anavua viatu vya mvua chini ya meza yake, mtaa wa Mapo jijini Seoul, anavaa kandambili, kisha anakoroga kahawa ya pakiti kwenye vikombe viwili vya karatasi. Cha pili ni cha mgeni aliyeketi mbele yake amekunja uso.

"Gamdoknim, kunywa kwanza," anamwambia, akimwita kwa cheo. "Tutagombana baadaye."

Mgeni ni Maeng Dal-ho, mkuu wa taa mwenye umri wa miaka 58. Ameitwa kutia saini fomu ya kibali cha kazi, na hataki.

Bi Pyo, 44, ni karani wa kampuni ndogo ya filamu. Kazi yake ni kuwahangaikia viza na vibali Wakorea wanaokwenda kupiga picha nchi za nje. Filamu ikiisha, majina yanapopanda kwenye skrini, mpishi hutajwa na dereva hutajwa. Yeye bado.

"Watu wanadhani kazi yangu ni makaratasi," anasema. "Makaratasi hayana neno. Taabu ni wenye makaratasi."

Zamani mambo yalikuwa rahisi. Kundi zima lilijiandika watalii, kamera zikapita kama mizigo ya harusi. Bi Pyo anakumbuka kundi moja lililofundishwa kusema limekwenda kutazama milima. Lilishuka uwanjani likiwa limevaa makoti ya aina moja, na jina la filamu limeshonwa mgongoni kwa herufi kubwa. Lilirudishwa siku hiyohiyo. Mimi nilicheka aliponisimulia. Yeye hakucheka.

Siku hizi anafuata sheria neno kwa neno. Nchi wanakokwenda safari hii, ambayo kampuni imeniomba nisiitaje kwa kuwa maombi mengine bado yako mezani, hutoa kibali kwa kazi iliyotajwa na si nyingine. Mwongozaji anaruhusiwa mmoja tu kwa filamu. Mwingine yeyote aeleze anafanya nini kwa mikono yake, na kwa nini mwenyeji asiifanye kazi hiyo.

Hapo ndipo maombi yalipokwama. Kwetu, anayeongoza filamu huitwa gamdok. Lakini mkuu wa kamera naye ni gamdok, mkuu wa taa ni gamdok, wa mapambo, wa muziki, wote magamdok, na adabu inataka uongeze "nim" mwishoni. Fomu hujazwa kwa Kiingereza. Kila mmoja alitafuta cheo chake kwenye simu, akapata neno lilelile, akaliandika kwa mwandiko mzuri. Maombi yote yalirudishwa na swali moja: filamu moja ina waongozaji saba?

Watano walikubali kubadilisha. Maeng akagoma.

"Uniandike fundi?" anauliza sasa, akisukuma fomu. "Bi Pyo, fundi nilikuwa zamani, nikiwa na nywele."

"Ni kwenye karatasi tu."

"Karatasi ndiyo inayobaki. Miaka kumi na tatu nilikuwa naitwa 'we'. We, lete waya. We, shika ngazi. Siku ya kwanza mtu kuniita gamdok, nilijifungia msalani nikalia. Leo unataka nirudi kuwa 'we'?"

Bi Pyo anairudisha fomu mbele ya mgeni. Anajua kwamba Maeng hajashika taa kwa zaidi ya mwaka, na kwamba jioni hulipwa kuendesha magari ya walevi kuwarudisha makwao. Anajua pia kwamba mwisho wa kupeleka fomu ni Ijumaa. Ikipita, kampuni itaajiri mkuu wa taa wa hukohuko.

"Usiposaini, kuna mtu huko ataitwa gamdok badala yako," anamwambia. "Kwa lugha yao, lakini ataitwa."

Maeng anamaliza kahawa, anatia saini bila kusoma na kuondoka bila kuaga.

Wiki iliyofuata aliitwa ubalozini kuhojiwa, Bi Pyo akamsindikiza kwa niaba ya kampuni. Walifanya mazoezi njia nzima. Afisa, ambaye Kikorea anakisema vizuri, aliuliza kazi yake ni nini. Maeng alijibu kama alivyofundishwa: anafunga taa, anavuta nyaya, anawasha, anazima. Afisa akaridhika, akafunga jalada.

Maeng alipoinuka, skafu yake ilibaki kitini.

"Gamdoknim, skafu yako," Bi Pyo akasema.

Ulimi ulikuwa umeshateleza. Mtu wa umri ule hungemwita kwa jina, na "fundi" ingekuwa tusi.

Afisa akafungua tena jalada. "Amekuitaje?"

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," Bi Pyo ananiambia. "Mwezi mzima nawakataza watu neno hilo, halafu nalitamka mimi."

Maeng aliichukua skafu, akaikunja taratibu.

"Huyu dada ana adabu kupita kiasi," alisema. "Mimi ni fundi wa taa."

"Basi gamdok ni nani?"

"Yupo mmoja tu. Mimi namwashia taa, aonekane anaongoza."

Afisa hakucheka. Aliandika kitu, akawaruhusu waende.

Kwenye ngazi Bi Pyo aliomba radhi mara mbili. Maeng alimwambia aache, mvua inakuja.

Mwezi ujao kundi jingine linasafiri, na Bi Pyo anapanga kuwaita wakuu wote pamoja kabla hawajagusa fomu, awanunulie supu, awaambie mapema. Anatumaini supu itasaidia. Siku moja angependa pia kuliona jina lake kwenye skrini. "Hata kwa herufi ndogo," anasema.

Nilikuwapo Maeng alipokuja kuchukua pasipoti yake. Alivaa miwani, akausoma ukurasa wenye viza hadi mwisho, herufi kwa herufi, safari hii bila haraka. Kisha akampigia simu mkewe.

"Mama Se-rin," alisema. "Nimeshushwa cheo. Nifungie sanduku."