Nilivyotaka kumlisha keki baba mkwe wa Nyakiriba siku ya Valentine

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wadogo wenzangu mambo zenu.

Hii siyo chai. Aliyezoea kupinga kila uzi humu apinge tu, ila mimi nilikuwepo, na suruali niliyopigia magoti siku ile bado ninayo.

Kwanza mnifahamu kidogo. Wazazi wangu ni Wanyarwanda, lakini mimi nimezaliwa na kukulia Karagwe, huko Kagera. Nilihamia huku nikiwa mtu mzima, naishi Gisenyi, Rwanda, kazi yangu ni ufundi wa friji. Kinyarwanda nakiongea vizuri tu, ila nikifungua mdomo watu wanatabasamu na kuniita Mtanzania.

Mchumba wangu anaitwa Claudine. Kwao ni Nyakiriba, kijijini nje ya mji, wakulima wa viazi na karoti, na wana ng'ombe wawili.

Sasa niwaambie kitu kuhusu huu mji. Valentine ya hapa siyo moja.

Ukivuka mpaka tu uko Goma, Kongo, na watu wa Goma wakisherehekea Saint-Valentin hawana mchezo. Mume na mke wanashona kitenge kimoja, wanatoka wamefanana kuanzia bega mpaka mguu, wanakwenda kula samaki na muziki juu. Mwanaume asiyemnunulia mkewe kitenge siku ile atasikia maneno mpaka Pasaka.

Jirani yangu aliyerudi kutoka Uganda, yeye na mkewe wanakwenda kwenye chakula cha wanandoa kanisani. Wanavaa suti, wanahubiriwa kwa Kiingereza, saa tatu wamesharudi wamelala.

Vijana wa hapa mjini wanajazana ufukweni mwa ziwa na brosheti zao, yaani mishkaki, wanapiga picha.

Halafu kuna wazee wa vijijini. Kwao siku ile ni siku ya kupalilia viazi. Mimi nilikuwa naamini kabisa kwamba hawa wazee mapenzi hawana, wana heshima tu.

Na mimi je? Mimi ni wa Karagwe bwana. Kwetu sherehe bila keki ni kikao, na keki bila kulishana ni mkate. Birthday tunalishana, kipaimara tunalishana, send-off ndiyo usiseme, wakwe wanalishwa mmoja mmoja huku MC anapiga kelele. Ukimlisha mtu mzima keki kwa mkono wako, umempa heshima yote.

Basi mwaka huu nikaalikwa ukweni siku hiyohiyo ya tarehe kumi na nne. Haikupangwa kwa ajili ya Valentine. Shangazi yake Claudine, dada wa baba mkwe, ameolewa Goma na anauza vitenge kule. Alikuwa anakuja kuwasalimia, wakaona bora na mimi nije anione.

Hapa naomba mnielewe vizuri, maana ndipo roho yangu ilipokuwa. Huku huwezi kuoa mpaka wakubwa wako waende rasmi kuomba binti. Na hawawezi kwenda mpaka baba wa binti aseme waje. Mzee alikuwa hajasema. Miezi inapita, kila Claudine akigusia, mzee anajibu kwamba bado anamwangalia huyo Mtanzania, ana maneno mengi.

Kwa hiyo siku ile nilikwenda kuangaliwa.

Nikanunua keki. Nyekundu, ina moyo juu. Nikapanda nayo pikipiki nimeikumbatia, dereva ananiuliza kama nabeba mtoto.

Nilifika jioni. Tukakaa sebuleni: mzee kwenye kiti chake, mama mkwe kwenye mkeka karibu na mlango, shangazi pembeni yangu. Claudine alishajua nina keki, ila alidhani itakatwa na kila mtu atachukua kipande chake kimyakimya. Hakuniuliza, na mimi sikuona cha kueleza. Tangu lini keki ikaelezwa?

Nikakata. Nikamlisha Claudine kwanza. Alipokea huku kajifunika mdomo kwa kiganja na macho yake yako sakafuni. Nikajua ni aibu za kike.

Nikachukua kipande kingine, nikamwendea mzee, nikapiga magoti kama tulivyolelewa, nikanyoosha mkono mpaka mdomoni kwake.

Mzee akafunga mdomo.

Hakuusukuma mkono wangu. Aliangalia kile kipande kama mtu anayepewa dawa asiyoandikiwa. Halafu akainuka, akachukua kofia yake, akatoka nje.

Wakuu, mimi nilibaki nimepiga magoti mbele ya kiti kitupu na keki mkononi.

Niwatoe gizani ninyi ambao hamjaishi huku. Kwa wazee wa zamani wa Rwanda, mtu mzima hali ovyo mbele za watu, na mbele ya mkwe ndiyo kabisa. Kutafuna ni jambo la faragha. Vijana mjini siku hizi wanalishana kwenye harusi zao, sawa, lakini mzee wa Nyakiriba kulishwa kama mtoto, na kijana anayemtaka binti yake, dada yake anaangalia? Nilikuwa nimemvua nguo.

Haya yote niliambiwa baadaye. Pale nilichojua ni kwamba nimeharibu.

Claudine alikuwa ameshaanza kulia bila sauti. Mama mkwe aliangalia mlango tu. Nikasimama, nikamwambia Claudine polepole kwamba naona niondoke kabla mzee hajarudi, nisimzidishie hasira.

Shangazi ndiye aliyenishika shati.

"We mukwe, ikala," akasema, kile Kiswahili chao cha Goma. "Kaka yangu mi namujua. Ule mutu hana kasirani, iko na haya tu. Ukiondoka sasa, donc utakuwa umemukimbia. Hapo njo atakasirika."

"Nifanye nini, shangazi?"

"Ufunge kinywa. Ungoje. We maneno yako iko mingi sana."

Akachukua kile kipande mkononi mwangu akakila yeye, bila wasiwasi wowote, akasema kitamu. Huyo mama Mungu ampe maisha marefu. Bila yeye mimi leo ningekuwa naandika uzi wa kuachwa.

Tukangoja. Nilikuwa natoka jasho na Nyakiriba kule kuna baridi.

Mzee aliporudi alikuwa ameshika chombo cha mti, vile vyombo vyao vya maziwa vilivyochongwa, vyeusi kwa kutunzwa. Claudine aliniambia baadaye kwamba siku za kawaida wanakamulia kwenye ndoo ya plastiki, hicho cha mti kinakaa juu kabatini na hakiguswi. Mzee alikuwa amekwenda zizini kukamua. Maziwa yalikuwa bado yana joto na povu juu.

Hakukaa. Alisimama mbele yangu, akanywa kidogo yeye kwanza. Huku ndivyo ilivyo, mwenye nyumba anaonja ili mgeni asiwe na shaka. Halafu akanipa chombo kwa mikono miwili.

Akasema kwa Kinyarwanda, taratibu, nadhani ili Mtanzania nisipitwe na neno: "Hapa kwetu mtu mzima hatiwi chakula kinywani. Mtu mzima anapewa maziwa. Kunywa."

Nikanywa. Wakuu, mimi maziwa mabichi ya moto huwa siyawezi, lakini siku ile nilikunywa kama nimetumwa.

Nilipomrudishia, nilidhani atakwenda kukaa. Hakukaa. Akazunguka, akamfuata mama mkwe pale kwenye mkeka, akainama, mzee mwenye magoti mabovu yule, akampa na yeye. Kwa mikono miwili vilevile.

Mama mkwe alichelewa kupokea. Akamwangalia usoni kwanza. Kisha akanywa.



Mzee akarudi kwenye kiti chake, akavua kofia, akaniuliza kama mvua imeanza Karagwe. Nikajibu kwa neno moja, nilikuwa nimeshafundishwa. Akatikisa kichwa. Halafu akasema, "Waambie wakubwa wako waje."

Basi. Ndiyo jibu nililolisubiri miezi yote ile.

Walikuja, waliomba, tulipewa. Sasa hivi nimeoa, na nawashukuru wote wa ile nyumba kila nikikumbuka. Shangazi kwa kunishika shati. Claudine kwa kutonikana. Na mzee zaidi ya wote, maana angeweza kunifukuza na hakuna ambaye angemlaumu, lakini yeye akatoka kutafuta namna ya kunijibu bila kunidhalilisha.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa na dharau bila kujijua. Nilikwenda pale nikidhani nawapelekea mapenzi watu wasioyajua. Kila nyumba ina namna yake, na ukiingia mgeni, uliza kwanza kabla hujanyoosha mkono kwenye mdomo wa mtu.

Wakuu, nyie kwenu wazee wanaonyeshanaje mapenzi? Siyo maua na status, nauliza wazee. Wahaya, Wasukuma, Wakongo mliomo humu, tiririkeni, nitasoma yote.

Ila niwaachie hili. Jioni ile wakati naaga, mama mkwe alinisindikiza mpaka njiani peke yake. Akanishika mkono, akaniambia hivi:

"Mwanangu, asante kwa kuja. Tangu anioe ananipa maziwa jikoni, tukiwa wawili. Leo amenipa watu wakiona."