Mgeni wa Mechi

Mimi ni shabiki wa timu ya mpira ya chuo cha ualimu cha hapa Arua, na sioni haya kusema hivyo, ingawa watoto wangu wananishangaa. Wao wana timu zao za Ulaya na wanajua hadi mshahara wa kipa wa akiba. Mimi nilisomea ualimu katika chuo hicho, nikacheza beki msimu mmoja wa kusahauliwa, kisha nikahamia nje ya mstari na sijaondoka mpaka leo. Ukitaka kuniudhi, niambie mpira wa vyuo ni mchezo wa watoto.

Zamani msimu mzima ulikuwa na mechi moja. Nyingine zilikuwepo, lakini hizo tulizihesabu kama za kupasha miguu. Mechi ilikuwa sisi na chuo cha Koboko. Mwaka huu wanakuja kwetu, mwaka ujao tunakwenda kwao, Jumamosi, baada ya mavuno ya kwanza. Ratiba yenyewe haikupangwa na mtu wa ofisini. Wakuu wa vyuo viwili walipigiana simu, wakaulizana kama mahindi yamekauka, kama Waislamu wa Koboko hawako kwenye mfungo, kama hakuna msiba mkubwa upande wowote, na siku ikapatikana. Leo kuna watu waliosomea kupanga ratiba, na watu hao wanatuwekea mechi Jumatano saa nane, mwalimu yuko darasani, mama yuko sokoni na jua linawaka. Nimeambiwa ni kwa ajili ya kuonyeshwa mtandaoni. Haya, mtandao na uje upige vigelegele.

Suala la chakula halikuwa dogo, na yeyote asiyelijua hawezi kuelewa hasira yangu. Timu ilisafiri na mashabiki wake katika lori moja la chuo, wachezaji wamesimama mbele, sisi nyuma pamoja na ngoma. Mkifika, kila shabiki wa nyumbani alichagua mtu mmoja miongoni mwenu, akamshika mkono na kusema, huyu wangu. Huyo ndiye alikuwa mgeni wake wa mechi. Mlikaa pamoja uwanjani, mkatukanana dakika zote tisini, na baada ya kipenga alikupeleka kwake mkala. Lori lilingoja. Dereva naye alikuwa ameshikwa mkono na mtu, kwa hiyo hakuwa na haraka. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu yako kumshika mkono yeye, na hivyo hivyo, miaka nenda miaka rudi, mtu yule yule.

Wangu alikuwa fundi wa baiskeli wa pale sokoni Koboko, Mwislamu, Mkakwa, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alinishika mkono nikiwa bado na nywele. Mimi Mlugbara sijui Kikakwa, yeye Kilugbara chake kinaishia kwenye salamu, basi tukazungumza Kiswahili chetu cha huku, kile ambacho watu wa pwani wakikisikia wanafumba macho. Aliniita shemeji kwa sababu kaka yake mkubwa alioa kule Adumi, kijijini kwa akina mama yangu. Nami nikamwita shemeji, likawa ndilo jina.

"Shemeji, hiyo beki yenu nakimbia kama mutu nabeba mayai," aliniambia mechi ya kwanza kabisa.

"Ngoja mayai ivunjikie kwa kichwa ya kipa yenu," nikamjibu.

Tulifungwa siku hiyo. Nikala kwake kisira, ile mikate yao myembamba kama karatasi, na mchuzi wa nyama, mkewe akanifungia nyingine niwapelekee wa nyumbani.

Kocha wetu wa enzi hizo alikuwa mwalimu wa hesabu. Hakuwa na cheti cha mpira. Alikuwa na kipenga kilichofungwa kwa kamba ya kiatu na buti za mvua alizovaa hata kiangazi, na mbinu yake ilikuwa mpira mbele, sote nyuma yake. Tulifungwa sana chini yake, nisimpake mafuta. Lakini kabla ya mechi aliwapeleka wachezaji kusalimia wapishi wa wenyeji, mmoja mmoja, kwa mikono miwili, na asiyesalimia hakucheza. Alikuwa na winga mmoja hatari sana aliyekaa benchi Koboko kwa kosa hilo tu, tukalia sote. Leo ningemwambia kocha yule kwamba alikuwa sahihi.

Alipostaafu, akaletwa kijana kutoka Kampala. Kocha wa kweli huyu, ana vyeti, ana kompyuta, ana vibao vya plastiki anavyovipanga uwanjani asubuhi kama mtu anayepanda mihogo. Kwa haki ya Mungu, timu inacheza. Pasi zinafika, mabeki hawabebi tena mayai. Tulianza kushinda, na tuliposhinda tukaonekana, na tulipoonekana wakubwa wa michezo ya vyuo wakazikata kanda upya. Sisi tukapandishwa kundi moja na vyuo vya upande wa Gulu na Lira. Koboko wakabaki chini na vyuo vidogo. Tulipiga honi mjini kwa furaha, mimi nikiwemo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mechi yetu na Koboko imekwenda wapi.

Nilisafiri na timu kwenda Gulu msimu huo. Uwanja mzuri, viti vya saruji, jukwaa la wageni limetengwa kwa kamba. Tulishinda. Baada ya kipenga nilisimama langoni kama mjinga, nikingoja mtu anishike mkono. Watu walinipita wakiangalia simu zao. Nikanunua chapati kwa mama mmoja barabarani, nikala nimesimama, nikapanda basi. Nilijisikia mpweke kuliko nilivyowahi kujisikia tulipofungwa.

Sasa hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mechi ya mwisho na Koboko ilikuwa kwao. Nilikula kwa shemeji yangu, na safari hiyo mkewe alipika akiwa ametoka hospitali, amekonda, anashika ukuta akitembea. Nilimsihi apumzike, akanicheka. Zamu iliyofuata ilikuwa yangu. Na zamu hiyo haikufika, kwa sababu mtu mmoja mahali fulani alichora mstari kwenye ramani. Mwaka ukapita, wa pili ukapita, wa tatu ukaingia. Nimekula kwa watu, nao hawajala kwangu. Kwetu hilo si jambo la kuchekea.

Mke wangu hakuniachia. Tukiwa tunakunywa chai hapo nyumbani Awindiri aliniuliza, "Yule mama aliyekupikia mgonjwa, anasemaje juu yetu?" Tukitoka kanisani aliuliza tena. Alikuwa amefuga majogoo kwa ajili ya siku hiyo, majogoo yakazeeka, yakawa yanafukuza watoto wa majirani.

Nikampigia shemeji simu. "Wewe njoo tu, panda gari Jumamosi, sisi nakupikia."

"Bila timu?" akasema.

"Bila timu."

"Hapana, shemeji. Mimi ni mgeni ya mechi. Nikikuja bila mechi, watu nasema natembea kutafuta chakula. Timu yenu nacheza na sisi lini?"

Nikajaribu mlango mwingine, nikamwambia basi nitakuja mimi kwako. Hapo akacheka kwa sauti ile ya kuita ng'ombe. "Unataka kula mara mbili mfululizo? Bibi yako nafikiri nini juu yako?" Na alisema kweli. Barabara ya lami ipo, magari yapo asubuhi na jioni, hata saa moja na nusu hupotezi njiani, na watu wazima wawili tumekaa kila mmoja kwake tunangoja vijana wapige mpira. Ukitucheka, cheka, lakini ndivyo tulivyo.

Ikabidi nimwendee kocha. Nilimkuta uwanjani na vibao vyake. Nikamwomba mechi moja ya kirafiki na Koboko, hapa kwetu. Alinisikiliza kwa adabu, maana ni kijana mwenye adabu, kisha akanionyesha kwenye kompyuta mistari ya rangi na kueleza kwamba miguu ya wachezaji inachoka, kwamba mechi isiyo na pointi huleta majeruhi, kwamba Koboko siku hizi si wa kiwango chetu. Maneno haya ya mwisho yalinipandisha damu. Nikamwambia Koboko walitufunga kabla mama yake hajaolewa. Akatabasamu. Nikarudi juma lililofuata, na lililofuata tena, hadi wachezaji wakawa wanamnong'oneza wakiniona nakuja, kocha, mzee wa Koboko huyo.

Mwishowe alichoka. Alinipa Jumamosi moja kabla ya msimu kuanza, kwa masharti. Mechi saa kumi. Wageni waondoke mara kipenga cha mwisho kikilia, kwa kuwa chuo chao nacho siku hizi kina kanuni, basi la wanafunzi lisikutwe barabarani na giza. Chakula kitatolewa kwa pakiti, kila mtu yake, ale akiwa njiani. Nilikubali yote. Nilikuwa na furaha ya kijinga, na maana ya maneno yale niliielewa nilipofika nyumbani, mke wangu aliponiuliza, "Sasa atakula saa ngapi?"

Yeye akaendelea kupanga vilevile. Jumamosi asubuhi alimwita jirani yetu Mwislamu aje achinje jogoo, ili mgeni ale bila wasiwasi. Akasonga enyasa, ugali wetu wa muhogo, akachemsha osubi, mboga ya majani ya kunde, na kuiunga karanga, akaazima meza kwa mwenye duka. Nilimwambia pengine tutamfungia abebe. Akarudi jikoni kuongeza kuni.

Basi lao lilifika limechelewa. Mashabiki walikuwa wachache, wengi vijana wenye simu wasiojua habari za kushikana mikono. Yeye alishuka wa mwisho, kanzu nyeupe, fimbo mkononi, amezeeka kuliko nilivyomweka moyoni. Nilipita katikati ya watu, nikamshika mkono nikasema, "Huyu wangu."

"Bibi nasalimia," akasema juu ya mkewe. "Iko mzima. Nalima tena."

Tukakaa kwenye nyasi, mahali petu pa siku zote. Niseme ukweli, kipindi cha kwanza kilikuwa kitamu. Koboko si wa kiwango chetu, lakini hakuna aliyewapa habari hiyo. Walikaba, walipiga mpira mbele na kuufuata wote, nikamwona mwalimu wa hesabu mbele ya macho yangu. Kocha wetu alikuwa ameanza kupiga kelele. Shemeji alimtukana beki wetu wa kushoto, mimi nikamtukana mshambuliaji wao, na miaka mitatu yote ikawa kama haikupita. Mapumziko yalipofika ilikuwa bila kwa bila. Nje ya lango dereva wa basi alikuwa tayari ameligeuza gari, na msichana mmoja wa chuo anapakia pakiti za chakula ndani.

Shemeji alizitazama pakiti zile kwa muda. Katika miaka yote hiyo sijawahi kumwona akitoka uwanjani kabla ya kipenga, hata mwaka ule wa mvua ya mawe. Mimi pia sijawahi. Akaegemea fimbo, akasimama, akakung'uta nyasi kwenye kanzu.

"Shemeji, chakula iko?"

"Iko."

"Twende basi."

"Na kipindi ya pili?"

"Hao nacheza tu. Sisi twende."

Tukatoka. Kijana wa langoni alituuliza kama kuna mgonjwa. Tulipokuwa tunashuka kuelekea Awindiri, taratibu kwa sababu ya mguu wake, kelele kubwa ikapanda nyuma yetu, kelele ya goli, ile inayotoka kifuani kwa watu wote mara moja. Alisimama. Nami nikasimama. Sikuweza kujua ni watu wa wapi wanashangilia, na nilitaka sana kujua, nisidanganye. Tuliangaliana, kisha akaendelea kutembea.

Mke wangu alitupokea mlangoni akiwa na mwiko mkononi. "Mpira umeisha?"

"Bado," nikasema.

Alitutazama, mimi kisha yeye, halafu akashika upindo wa kitenge na kujifuta macho, akasema moshi wa siku hiyo ni mbaya. Alimletea mgeni maji, akamnawisha mwenyewe kwa mikono yake. Shemeji alikula polepole kama mtu asiye na pa kwenda. Alikula enyasa yetu, akasifu osubi, akavunja mguu wa jogoo lile zee bila kulalamika, akatusimulia yaliyompata mkewe na jinsi alivyopona. Tulikuwa na furaha katika chumba kile, furaha ambayo sikuipata siku tulipopandishwa kundi wala siku yoyote ya ushindi.

Jua lilikuwa linazama simu yake ilipolia. Ilikuwa sauti ya dereva, ya juu kiasi kwamba sote tuliisikia. Basi limejaa, injini inawaka, watu wanamtafuta kila mahali, yuko wapi.

Akamaliza kutafuna kwanza. "Nyinyi nendeni tu," akamwambia. "Mimi iko nyumbani."

Akaizima simu, akaiweka kando ya sahani, na mke wangu akamwongezea mchuzi.