Medali ya Mlima Ambao Haujaanguka

Habari ya medali ilimkuta Rosa Kobelo kwenye foleni ya maji, jua likiwa limeshakuwa kali, na aliyeileta alikuwa jirani yake Hidaya, muuza vitumbua mwenye simu kubwa na mdomo mkubwa zaidi.

"Dada Rosa, hongera! Mdogo wako katangazwa. Wanajiografia wa Ulaya wanampa medali, ya dunia nzima hiyo. Wanasema kaokoa kijiji."

"Kijiji gani?"

"Si hiki chenu?"

Rosa alitazama mabati yaliyokuwa yakimetameta kwa joto, mbwa waliolala kwenye vumbi, na foleni ya ndoo isiyosogea. Serikali ilipaita mahali hapo Makao Mapya. Wenyeji wake walipaita Jikoni.

"Kama hiki ndicho kilichookolewa," alisema, "basi Mungu aniepushe na kilichoangamia."

Aliinua ndoo yake ikiwa bado tupu, akarudi nyumbani.

Rosa alizaliwa Kibungwe, juu kwenye milima ya Uluguru, ambako ukungu wa asubuhi huingia nyumbani bila kupiga hodi. Kwa Waluguru ardhi hupita kwa mama. Mjomba wao Kasiani, kaka wa marehemu mama yao, ndiye aliyekuwa msimamizi wa ardhi ya ukoo, na magoti yalipoanza kumsaliti alimkabidhi Rosa usimamizi ule, akawapita wanaume watatu waliokuwa wakiumezea mate. Rosa ndiye aliyesema nani alime kabichi bondeni na nani apande njegere kwenye matuta ya ngazi. Hakupendwa na kila mtu. Ulimi wake ulikuwa kama panga lililotoka kunolewa. Lakini mtu akipewa shamba na Rosa, hakuna aliyemgusa.

Martina, mdogo wake, hakutaka ardhi ya kulima. Alitaka kujua kwa nini mto ulipinda pale ulipopinda. Masista walimsomesha, akaingia chuo, akawa daktari wa jiografia akifundisha mjini Morogoro. Miaka mingi alikuwa akipanda Kibungwe kila likizo kupima mlima. Rosa alimbebea vigingi vya chuma, akamchemshia magimbi, akamcheka alipoteleza kwenye matope. Juu ya chemchemi, mahali wanawake walipokata kuni, palikuwa na ufa mrefu ardhini. Martina aliupigia vigingi pande zote mbili, akawa anaangalia kama vinaachana. Vilikuwa vinaachana, pole pole.

Kisha ikaja masika mbaya. Upande wa pili wa mlima udongo uliteremka na kufunika nyumba na waliolala ndani. Wakubwa wa wilaya waliingiwa na hofu, wakakumbuka kwamba kuna msomi aliyeandika ripoti. Wakaitisha mkutano Kibungwe, mbele ya kanisa. Ofisa aliinua ile ripoti juu kama padri anavyoinua ekaristi.

"Sisi hatusemi la kwetu," alisema. "Mtoto wenu mwenyewe ndiye aliyesema. Mlima huu unaanguka. Kijiji chote kinahama."

Watu wote walimgeukia Martina, aliyekuwa amekaa meza kuu. Rosa naye alimtazama, akingoja aseme neno. Martina aliinama akatazama viatu vyake.

Malori yalikuja kabla njegere hazijakomaa.

Walishushwa uwandani, kando ya barabara ya Kisaki, wakaambiwa walime ufuta. Watu waliojua baridi na kabichi walijifunza ufuta kwa shida, na ulipokubali, tembo walitoka porini wakaukanyaga. Watoto waliugua malaria wakapona, wakaugua tena. Miguu ya mjomba Kasiani ilivimba ikawa kama mihogo. Na kila asubuhi isiyo na mawingu, mtu akisimama mlangoni Jikoni aliuona mlima ule kule mbali, wa buluu, umesimama wima. Masika ilikuja, ikapita, ikaja nyingine. Ikawa watu wakikutana njiani wanaulizana, "Vipi, umeshaanguka?" Na mwenzake anajibu, "Bado unajifikiria." Kisha wote wawili wanatema mate.

Wiki chache baada ya habari ya medali, gari la chuo liliingia Jikoni. Alishuka Martina, amevaa miwani ya jua. Nyuma yake alishuka Profesa Eustace, mkuu wa idara yake, mwanamume wa tai na kitambaa cha kufutia jasho, halafu Mzungu kijana mwenye kamera. Chama kile cha wanajiografia wa Ulaya kilitaka filamu fupi ya kuonyeshwa siku ya kutoa medali. Walitaka sura za waliookolewa.

Martina alimwendea dada yake pale alipokuwa akipepeta mtama. Akavua miwani, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, dada."

Rosa aliendelea kupepeta. Watu walikuwa wameshakusanyika, na wote walisikia salamu ile ikikosa mwitikio. Kwao, mkubwa kumnyima mdogo wake marahaba mbele za watu ni zaidi ya tusi.

Profesa Eustace akaingilia kwa tabasamu. "Mama, tunaomba maneno machache tu. Useme mlivyokuwa hatarini na mnavyoishi sasa kwa amani. Dokta atamtafsiria mgeni."

"Nitasema," alijibu Rosa, akaweka ungo chini. Mgeni akainua kamera.

"Martina, mwambie mgeni wako hivi. Mimi sikuokolewa. Nilipakiwa kwenye lori kama mbuzi wa mnada. Mama yetu amebaki kule juu peke yake, kaburi limemezwa na magugu. Mjomba wangu anakufa kwa joto, na kabla hajafa anaona aibu ya kushindwa kuvaa suruali kwa jinsi miguu ilivyovimba. Na huo mlima mnaosema unaanguka, mwambie ageuke autazame. Hiyo medali mmeichonga kwa mifupa yetu. Haya, tafsiri."

Martina alianza kuongea Kiingereza. Rosa hakukielewa, lakini alikuwa na macho. Alimwona Profesa Eustace akikohoa, kisha akimgusa Martina kiwiko, kisha akimbana kabisa. Martina hakunyamaza. Uso wa Mzungu ulibadilika ukawa mwekundu kuliko jua lilivyomfanya. Alishusha kamera, akageuka, akautazama mlima.

Walipokuwa wakiondoka Martina alimfuata Rosa nyuma ya nyumba.

"Ule ufa upo, dada. Umepanuka tena. Mlima utaanguka."

"Lini?"

"Hakuna anayeweza kujua lini."

"Basi rudi ukishajua," alisema Rosa, akamfungia mlango.

Medali ilitolewa huko ilikotolewa. Siku kadhaa baadaye Hidaya alileta simu yake akiwa ameishika kwa mikono miwili, mdomo umepoa. Filamu ilikuwa imewekwa mtandaoni. Rosa alijiona: uso wake, mkono wake ukionyesha mlima. Lakini sauti yake haikuwamo. Palikuwa na muziki wa kinanda, na sauti ya mwanamume ikisoma Kiingereza. Chini yalipita maneno ya Kiswahili, na Hidaya akayasoma: "Wanakijiji wanamshukuru Dokta Martina kwa maisha mapya."

Rosa aliomba ayarudie. Hidaya akayarudia. Usiku ule Rosa hakulala, na asubuhi alivaa kitenge chake cha kanisani, akapanda basi.

Alijua kutoka kwa watu kwamba chuo kilikuwa kinafanya sherehe ya kumpongeza msomi wao. Aliteremka stendi ya Msamvu, mjini Morogoro, akachukua bodaboda hadi getini. Mlinzi akamzuia.

"Mama, una mwaliko?"

"Mimi ndiye niliyeokolewa," alisema Rosa, na mlinzi akampisha.

Ukumbini palikuwa na mapambo, soda na watu wa suti. Filamu ile ile ilikuwa ikionyeshwa ukutani, uso wa Rosa mkubwa kama nyumba. Profesa Eustace alikuwa jukwaani akisema kwamba heshima ile ilikuwa ya idara nzima, maana yeye mwenyewe ndiye aliyelea utafiti ule tangu ulipokuwa mchanga. Martina alikaa kando yake, medali shingoni. Hakuwa na uso wa mtu mwenye sherehe.

Rosa alipita katikati ya viti hadi mbele.

"Zimeni hicho kitu," alisema. "Huyo ni mimi, na hayo si maneno yangu. Martina, nilikuambia utafsiri. Umeuza na sauti yangu?"

Watu waligeuka kumtazama mwanamke wa ukutani akiwa amesimama mbele yao. Profesa akaashiria walinzi. Martina alisimama, akamwondolea Profesa maikrofoni mkononi.

"Nilitafsiri neno kwa neno," alisema. "Mgeni aligeuka kuutazama mlima, dada, uliona mwenyewe. Wao ndio waliokata. Mimi niliiona filamu kule kule ukumbini, siku ya medali."

"Na ukainamisha shingo wakakuvika."

"Nikavikwa. Kazi ile niliifanya mimi. Miaka yangu yote imo mle."

Hilo Rosa hakulibishia, maana alibeba vigingi. Ila Martina hakuishia hapo. Huenda alikuwa amechoka kubeba alilolificha.

"Ripoti yangu haikusema kijiji kizima. Ilisema nyumba zilizo juu ya chemchemi zihame. Za chini zibaki, na mashamba ya chini yalimwe. Wakubwa ndio walioona rahisi kuhamisha wote."

Rosa alipanda jukwaani akasimama mbele yake. "Na pale kanisani, walipokutaja jina?"

"Niliogopa. Nikasema moyoni, kama nitawabakiza wa chini halafu udongo ukawafikia, nitakuwa nimewaua mimi."

Kofi lilisikika ukumbi mzima, kwa kuwa Martina alikuwa bado ameshika maikrofoni. Glasi ilianguka mahali fulani. Walinzi wawili walimdaka Rosa mikono.

"Mwacheni," alisema Martina, shavu limevimba. "Ni dada yangu."

"Jumatatu utakuwa wilayani," Rosa alimwambia huku akijifuta jasho kwa ncha ya kitenge. "Hayo uliyosema hapa utayasema kule. Usipokuja nitakufuata darasani."

Martina alikuja. Alikaa na wakubwa wale wale, akafungua ripoti ile ile, akawasomea ukurasa walioupita. Walimzungusha kwa miezi. Profesa Eustace, kwa kuwa sherehe yake ilikuwa imegeuka kichekesho cha mji, alimvua kazi zote za heshima, akampa darasa la mwaka wa kwanza lenye wanafunzi waliojaa hadi madirishani. Lakini Martina aliendelea kwenda, na Rosa akawa anamngoja kwenye benchi la nje, bila kumsogezea nafasi. Mwishowe ruhusa ikatoka: wa chini wanaweza kurudi, wa juu hapana.

Mjomba Kasiani hakuiona siku ya kurudi; alifariki ruhusa ikiwa ndiyo kwanza imetoka. Walimbeba wakampandisha na kumzika bondeni, upande ulioruhusiwa, mbali na kaburi la dada yake, mama yake Rosa, lililobaki juu ya chemchemi.

Rosa alidhani shida imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilimhamia. Familia za juu ya chemchemi nazo zilipanda mlima, na vitanda vyao kichwani, zikitaka kurudi kwenye maboma yao. Msimamizi wa ardhi ya ukoo alikuwa Rosa, kwa hiyo mwenye kuwazuia alikuwa Rosa. Aliwagawia matuta kutoka fungu lake mwenyewe la chini, wakasema ni madogo. Mzee Fransisko, ambaye baba yake alizaliwa juu ya chemchemi, alimsogelea hadi pua zikakaribiana.

"Wewe na mdogo wako ni kitu kimoja. Yeye kachora mstari, wewe umeusimamia na fimbo. Mlima haujaanguka, Rosa! Unajua utaanguka lini?"

"Sijui," alisema Rosa.

"Basi nipishe."

Hakumpisha. Alisimama pale kwenye njia, jembe mkononi, akatukanwa yeye, mama yake na ukoo wake, mpaka Fransisko akachoka akateremka. Tangu siku hiyo familia ile haikumsalimu. Watoto wa familia hiyo walitupa mawe kwenye kabichi za Rosa, na kanisani walihama benchi alilokaa.

Martina hupanda Kibungwe hadi leo, kila likizo, kupima ufa. Hupita shambani kwa Rosa bila kukaribishwa chai. Watu walioshuhudia kofi husema siku moja watapatana, maana damu nzito kuliko maji. Rosa husema maji ndiyo anayoyahofia yeye, na damu hana haja nayo.

Masika iliyopita mvua ilinyesha bila kupumzika. Kwenye nyumba ya mwisho kabla ya chemchemi, ile iliyo mpakani kabisa, alikuwa akiishi Rehema, binti yake Fransisko, na watoto wake. Rosa, kule chini, alisimama mlangoni pa nyumba yake mwenyewe akautazama mlima uliofunikwa na wingu. Hakuona kitu. Akachukua simu.

"Ufa ukoje?" aliuliza. Hakutanguliza salamu.

"Umefunguka tangu juzi," alisema Martina, aliyekuwa amepanda likizo hiyo kuupima. "Vigingi viwili vimelala. Mtoeni aliye mpakani."

"Leo?"

"Sasa hivi."

Rosa alikata simu. Akajifunga kanga kiunoni, akachukua jembe, akaanza kupanda kwenye matope kwenda kugombana na Rehema.