Kadowaki Toyomi na Mashine ya Kanda

Ungemtembelea Kadowaki Toyomi nyumbani kwake, ungedhani ni mtu asiyeona. Mama mkwe wake, mzee wa umri wa kusahausahau, alikuwa akitia miso, lile rojo la soya lenye chumvi, kwenye supu, anatoka kuangalia kuku, anarudi na kutia tena. Toyomi aliinywa ile supu ya chumvi mpaka chini ya bakuli, akafuta midomo, akashukuru kwa chakula. Nilipomuuliza kwa nini hamwambii bibi, alinijibu kwamba supu ikishanyweka imepita, lakini neno likishasemwa linabaki. Mimi nina mdomo. Ningemwambia bibi siku ile ile, tukanuniana, yakaisha. Toyomi hakuwa hivyo, na wala sisemi alikuwa mjinga.

Tulikuwa wote katika chumba cha kompyuta cha ushirika wa wakulima, huku Tottori, Japani, miaka ya tisini. Chumba kilikuwa cha baridi mwaka mzima, viatu tuliacha mlangoni, ndani tukavaa ndala nyeupe. Kulikuwa na kompyuta mbili za ukubwa wa kabati la nguo. Moja iliendeshwa na mfumo wa zamani na ilishika akiba za wanachama; hiyo ilikuwa ya Toyomi. Ya pili iliendeshwa na mfumo mpya na ilishika habari za mapeasi, yaani mkulima gani kaleta kreti ngapi, zina uzito gani, zimepewa daraja gani. Hiyo ilikuwa ya Mzee Ikuta Masaharu. Mifumo hii miwili haikujuana hata kwa salamu. Kitu pekee ilichotumia pamoja ni mashine ya kanda, ya kutolea nakala ya kila kitu, ili siku kompyuta ikifa kumbukumbu zisizikwe nayo. Bosi wetu, Bwana Adachi, alikataa kununua mashine ya pili kwa sababu hiyo ya kwanza, alisema, inalala nusu ya siku.

Mashine ilikuwa na waya za kwenda pande zote mbili, lakini ilimtumikia bwana mmoja kwa wakati. Mchana ilikuwa ya mapeasi. Jioni, madirisha ya akiba yakishafungwa, ilihamia kwa Toyomi. Aliyekuwa nayo aliandika amri ya kuiachia, aliyeitaka akaandika amri ya kuichukua. Na kwa kuwa sisi ni watu wa kunyoosha kidole na kutamka tunachokiona, kama dereva wa treni anavyoitamkia taa, kulikuwa na utaratibu. Mzee Ikuta alisimama, akaielekezea mashine kidole, akasema kwa sauti, "Kanda, upande wa mapeasi, imeachiwa." Toyomi naye akasimama, akanyoosha kidole, "Kanda, upande wa akiba, imechukuliwa." Ndipo mimi, mtunza kanda, nikatoa kanda ya huyu na kuweka ya yule. Mgeni angecheka. Sisi tulipita miaka bila kosa kwa njia hiyo, mradi mdomo usitangulie mkono.

Ilikuwapo pia amri ya tatu, ya kunyang'anya. Kitabu cha mashine kilionya kwamba itumike tu pale kompyuta ya jirani imekufa kabisa, kwa sababu inakwapua mashine bila kuuliza kama jirani bado ana kazi nayo. Hakuna aliyekuwa ameitumia. Kumnyang'anya mtu kitu akiwa amekaa pale pale anakunywa chai, na mtu mwenyewe ni mkubwa wako, nani angethubutu?

Mzee Ikuta ndiye aliyetufundisha kazi sote. Alikuwa mtu wa maneno. Akiniona nimebeba kanda kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, alikuwa akiniuliza kama huyo mtoto amepona homa. Machi iliyokuwa inakuja angefikisha umri wa kustaafu, na alikuwa na tamaa moja tu ambayo hakuificha. Alitaka kuondoka kazini akitokea kwenye kiti kile kile alichokikalia tangu kompyuta ya kwanza iletwe. Ushirika ulikuwa na tabia ya kuwahamishia wazee ghalani mwaka wa mwisho, wakahesabu mifuko ya karatasi ya kufungia mapeasi mtini. Yeye alisema akipelekwa kule atakufa kwa vumbi na aibu, na aibu itatangulia.

Msimu wa theluji wa mwaka mmoja kabla ya Machi hiyo alianza kusahau. Haya nimeyajua baadaye, maana wakati ule sikuona kitu. Alisimama, akanyoosha kidole, akatamka kwamba imeachiwa, akaketi kumimina chai. Toyomi akaandika amri ya kuichukua. Skrini yake ikamjibu kwamba mashine bado ni ya jirani. Akamtazama mzee. Mzee ameshaketi, ameridhika, anapuliza kikombe. Kumwambia "bado" ilikuwa ni kukitangazia chumba kizima kwamba mdomo wa Mzee Ikuta na mkono wake vimeachana njia. Toyomi akaandika amri ya tatu. Mashine ikaja kwake. Akasimama, akanyoosha kidole, akatamka sehemu yake kwa sauti ile ile ya kila siku, nami nikaweka kanda.

Funika kombe mwanaharamu apite, na kwa kweli alipita. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa siku zile mashine ilikuwa imeshamaliza kazi ya mzee, imebaki kushikwa tu. Kwenye skrini yake ulitokea mstari mmoja wa onyo, naye, miwani ikiwa juu ya kipaji, aliufuta kama anayefukuza nzi. Mwezi uliofuata alisahau tena. Kufikia mwezi wa nne, Toyomi alikuwa akinyang'anya karibu kila juma, mara nyingine kila siku, na kidole chake kilishazoea ile amri kama kinavyozoea kuwasha taa ya jikoni.

Septemba mapeasi yalishuka. Malori yalipanga foleni mpaka barabarani, na habari za mapeasi zikawa nyingi hata kanda moja haikutosha. Jioni moja mashine ilijaza kanda ya kwanza ya Mzee Ikuta, ikaitema, ikatulia kusubiri ya pili. Mzee alipoona taa imetulia na saa imefika, mazoea yakamwamsha. Alisimama, akanyoosha kidole, akasema imeachiwa. Toyomi alijaribu kuichukua, akakataliwa, akadhani ni kusahau kule kwa kila siku. Akanyang'anya. Mimi nikaweka kanda ya Toyomi. Nusu ya pili ya mapeasi haikunakiliwa mahali popote.

Isingekuwa neno kama lile kabati la kompyuta ya mapeasi lisingeharibika asubuhi yake. Lakini liliharibika. Diski ndani yake ilikwaruza kwa sauti mbaya, ikanyamaza, na mafundi waliokuja walitikisa kichwa. Tuliporudisha kumbukumbu kutoka kwenye kanda, tulipata nusu. Wakulima wa mabonde ya mashariki walikuwa hawamo, kana kwamba hawakuwa wamechuma hata tunda moja mwaka ule. Ilibidi waje mmoja mmoja, katikati ya mavuno, na vile vikaratasi vya mizani wanavyovihifadhi kwenye makopo ya chai. Mama mmoja alikuja na vyake vimelowa. Aliuliza kama sasa tutamwambia hana mapeasi wakati mgongo wake bado unamuuma kwa kuyabeba.

Bwana Adachi hakuhitaji kuchunguza. Kanda ya pili ilikuwa ya mapeasi, kwa hiyo aliyekosa ni Ikuta. Aliagiza mzee ahamie ghalani Jumatatu inayofuata. Mzee Ikuta aliinama, akaomba radhi, akarudi kwenye kiti chake na kuanza kutoa vitu kwenye droo. Alikuwa akivitoa taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokipoteza humo.

Toyomi alikwenda kwa bosi kabla ya chakula cha mchana. Kupitia kioo tulimwona ameinama kwa muda mrefu. Alimwambia Bwana Adachi kwamba ni yeye aliyeinyang'anya mashine ikiwa bado ina kazi. Bosi alimuuliza kilichomfanya atumie amri ile. Hapo ndipo mtego ulipokuwa, kwa sababu sababu ya kweli ingempeleka mzee ghalani haraka kuliko kosa lenyewe. Toyomi akasema alikuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Akakaripiwa mpaka sauti ikavuka kioo, akatumwa kwenda mabonde ya mashariki kuomba radhi nyumba kwa nyumba, akaenda. Uhamisho wa mzee ukafutwa. Akarudisha vitu kwenye droo.

Nilidhani yameisha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa maradhi yalifichwa na jirani, na wa kuumbuka akabaki mgonjwa mwenyewe.

Toyomi alipomaliza ile ziara yake ya kuinamia watu, Mzee Ikuta alimfuata kwenye kijichumba chetu cha chai. Mimi nilikuwa nasuuza vikombe. Hakuna aliyenifukuza, nami sikujifukuza.

"Bi Kadowaki," mzee alisema, "nasikia ulikuwa na haraka."

"Ndiyo, Mzee."

"Wewe? Wewe unayekunja karatasi ya mkate mara nne kabla ya kuitupa? Toka nikujue hujawahi kuwa na haraka hata ya kupiga chafya."

Toyomi alitazama birika. Mzee hakucheka.

"Siku ile niliachia, au sikuachia?"

"Hukuachia, Mzee."

"Lakini nilitamka."

"Ulitamka."

"Ilikuwa mara ya kwanza?"

Angeweza kusema ndiyo. Namjua, na naona mpaka leo jinsi alivyolipima hilo neno mdomoni. "Hapana," alisema. "Ni tangu theluji ya mwaka jana."

Mzee alivuta kiti akaketi. Birika lilichemka, likajizima.

"Mwezi wa nne," alisema, "Adachi alinisimamisha mbele ya watu wote. Akasema makabidhiano ya Ikuta ni safi, vijana waige. Nilimwambia mke wangu. Akapika wali wa maharage mekundu wa sherehe, akampigia simu binti yetu Osaka, akasema baba yako amesifiwa. Wiki ile, nilikuwa naachia mimi au ulikuwa unachukua wewe?"

"Siku moja uliachia wewe."

"Na nyingine?"

"Nilichukua mimi."

Nilizima bomba. Sikupenda sauti ya maji.

"Ungeniambia siku ya kwanza," mzee alisema, "ningekununia wiki nzima. Halafu mke wangu angenivuta kwa daktari. Sasa nimekaa mwaka najidai, na nyuma yangu mtu anafuta."

"Sikutaka kukuaibisha, Mzee. Nisamehe."

"Najua hukutaka. Ndiyo maana sina hata wa kumgombeza."

Nilimhurumia, na nilimkasirikia Toyomi, na papo hapo nilijua kwamba katika chumba kile hakuna aliyempenda mzee kumzidi yeye. Toyomi alikuwa analia bila sauti, machozi yakidondokea kwenye ndala zake. Mzee alimwachia mpaka akamaliza.

"Kuanzia kesho nikisahau, sema," alimwambia. "Usije kuninong'oneza mezani kwangu. Simama, nyoosha kidole, sema kwa sauti ile ile."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Bosi atasikia, Mzee. Atakupeleka ghalani."

"Akinipeleka, atakuwa amenipeleka mimi. Kwenye kile kiti nimebakiza miezi ya baridi tu. Hiyo nataka niikalie mwenyewe."

Siku mbili tatu hakusahau. Aliandika, akahakikisha, akatamka, na Toyomi akachukua. Nilianza kuomba iwe hivyo mpaka Machi. Kisha ikaja jioni moja Bwana Adachi akiwa amesimama mle mle chumbani, anaongea na mafundi waliokuja kufunga diski mpya. Mzee Ikuta alisimama, akanyoosha kidole, akasema imeachiwa, akaketi na kuchukua kikombe. Toyomi aliandika amri yake. Nilimwona anaitazama skrini. Nilikiona na kidole chake, kile kilichoizoea amri ya tatu, kimekaa juu ya kibodi bila kubonyeza.

Akasimama. Akaielekezea mashine kidole.

"Kanda," alisema, "upande wa mapeasi, bado haijaachiwa."

Bwana Adachi aligeuka, akamtazama Toyomi, kisha akamtazama mzee. Mzee Ikuta aliweka kikombe chini, akashusha miwani kutoka kwenye kipaji, akaisoma skrini yake kwa utaratibu, mstari kwa mstari. Akaandika amri. Akasimama tena, akanyoosha kidole upya, uso umemwiva mpaka masikioni.

"Imeachiwa," alisema, na ilikuwa imeachiwa.