Herufi Kwenye Pindo la Bendera

Kwa miaka thelathini na minne, hakuna nguo iliyotoka kwenye baraza ya Melania pale Ujiji bila herufi M ndani ya pindo. Suruali ya shule, joho la kwaya, kanzu ya Idi, zote zilitiwa M ya uzi mwekundu, hata ile ambayo yeye mwenyewe hakuipiga sindano moja. Wasichana aliowafundisha walishona wakiwa mkekani; Melania alikaa kwenye kiti chenye mto, akitia herufi. Alikuwa fundi hasa, hilo halina ubishi. Kwa kiburi pia hakuwa na mpinzani.

Kati yao, Recho ndiye aliyechoka wa kwanza. Alishona gauni la harusi peke yake kwa siku kumi na moja, shanga moja moja, na bibi harusi alipolivaa alilia kwa furaha. Melania akaligeuza pindo, akachomoa uzi wake mwekundu atie M yake.

"Mama, hili liache liwe langu," Recho akaomba.

Melania akakataa, akamwambia kama hataki avuke kizingiti, asirudi tena. Recho akavuka. Baadaye wenzake wawili, Angela na Eufrasia, nao waliaga kwa adabu, lakini wakaenda vilevile. Miaka sita sasa, Melania na Recho wakikutana sokoni, kila mmoja hujifanya anachagua nyanya.

Ndipo Jumanne moja ya mwezi wa tatu Mwalimu Gervasi, anayefundisha historia, akaleta kazi: bendera hamsini na sita, za nchi zote za Jumuiya ya Madola, kwa sherehe ya shule Jumatatu inayofuata. Melania hajui kukataa kazi. Aliitikia kwanza, siku akazihesabu baadaye.

Alianza na ya Uingereza, akaikata mara mbili ya nyingine. Kesho yake mwalimu alipita kuangalia, akaangua kicheko.

"Bi Melania, hii bendera au shuka?"

"Si ndiye mwenye nyumba? Wengine wote walikuwa chini yake."

"Walikuwa," mwalimu akasema, akavuta kigoda. "Kila nchi ilidai uhuru wake, nyingine kwa maneno, nyingine kwa damu. India ikataka kuwa jamhuri, isitawaliwe tena na mfalme, lakini bado ibaki. Basi mwaka arobaini na tisa wakakutana London wakakubaliana upya: wote huru, wote sawa. Tanganyika tulipopata uhuru tukaingia kwa hiari yetu. Rwanda hapo jirani haikuwa koloni la Mwingereza, nayo ikabisha hodi, ikakaribishwa. Anayetaka kutoka anatoka."

Melania alikuwa ameacha kukanyaga cherehani. "Na aliyetoka, huwa anarudi?"

"Afrika Kusini ilikaa nje zaidi ya miaka thelathini. Ubaguzi ulipokwisha, ikarudi."

Mwalimu alipoondoka, Melania alibaki akiitazama ile bendera kubwa. Alikuwa amemaliza nne tu, na macho yake siku hizi hayaoni tundu la sindano bila kubembelezwa. Angela na Eufrasia wangekuja, hakuwa na shaka. Bila Recho, mwenye mkono mwepesi kuliko wote, kazi isingekwisha. Lakini si bendera tu zilizomkosesha raha. Alimkumbuka yule binti, ndiyo hivyo, na alikuwa amechoka kuchagua nyanya.

Akajitanda kitenge, akaenda Rusimbi kwa miguu. Njia nzima alipanga maneno mazuri. Alipofika kwenye duka la Recho yote yakamtoka.

"Shikamoo, mama," Recho akasema bila kuinua macho kutoka kwenye mkasi.

"Marahaba. Lile gauni lilikuwa lako. Nilikukosea."

Mkasi ukasimama. Recho akauliza, "Umekuja kuniita kazini?"

"Nimekuja kukuomba tushone pamoja. Ukikataa, nitakuwa nimekuja kukujulia hali tu."

"Mkekani sikai."

"Mkeka nimekwisha kuukunja."

Alhamisi Recho alishuka kwenye bajaji na cherehani yake mwenyewe. Angela akaja na yake kutoka Katonga kwa wavuvi, akinuka dagaa na kucheka kabla hajafika mlangoni, na Eufrasia nyuma yake. Melania akatoa amri, hakuna aliyesikia. Akatoa ya pili, Recho akamwambia apunguze sauti, uzi unakatika. Mara ya kwanza ilimuuma. Kufikia Jumamosi alikuwa akicheka mwenyewe. Ile bendera ya Uingereza waliipunguza ilingane na wenzake, na mabaki ya buluu yakatosha bendera ya Nauru, kisiwa ambacho hakuna kati yao aliyewahi kukisikia.

Jumapili baada ya misa ilibaki ya Tanzania, ambayo wote wanne walikuwa wameishika. Eufrasia akampa Melania sindano yenye uzi mwekundu, kama zamani.

Melania akampa Recho ile sindano. "Anza wewe."

Recho akatia R, taratibu, macho yamemlowa. Akampa Angela atie A, Angela akampa Eufrasia atie E, kisha sindano ikamrudia Melania. Nafasi ilikuwa imebaki kidogo pembeni. Ilibidi aibane M yake, nayo ikatosha.