Matufe Saba ya Mwalimu Obwocha

Mwalimu Obwocha wa Magwagwa alistaafu na maumivu ya mgongo na matufe saba ya dunia, yote makuukuu. Moja alilipata kwa padri aliyekuwa akifunga virago, akamlipa mkungu wa ndizi. Jingine alilikuta Kisii kwa muuza vyuma chakavu, limebonyea katikati ya bahari.

"Dunia saba kwa nyumba moja," mkewe Bitutu alimsuta, "na majani chai yetu yamemezwa na magugu!"

Mzee alitia pamba masikioni. Kwenye tufe moja Tanganyika ilikuwa bado Tanganyika. Kwenye jingine Rhodesia ilijitanua bila haya. Kwingine kulikuwa na Zaire, Volta ya Juu, na Sudan kabla haijakatwa. Kila mkubwa, alisema, alidhani jina alilolibandika litadumu milele. Ushahidi ndio ule.

Watoto wake hawakuyataka. Alijua akifa yatatupwa, na jambo hilo lilimnyima usingizi. Basi akayapeleka katika shule ya msingi alikofundisha zamani, akayakabidhi kwa mwalimu mkuu, Celestine, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Alimwomba ayatunze vizuri. Hakueleza zaidi, alidhani mtu aliyemfundisha mwenyewe haelezwi.

Baada ya wiki tatu akaitwa, kwa kuwa mkaguzi alikuwa anakuja. Matufe yalikuwa mezani, yaking'aa kama sufuria mpya. Celestine alikuwa amemwita fundi anayepaka rangi vinyago vya mawe ya sabuni. Fundi aliyapiga msasa yote saba mpaka yakawa meupe, akapaka bahari upya, akaandika Tanzania, Zimbabwe, Burkina Faso, na Sudan mbili.

"Mwalimu, tumetoa makosa yote," Celestine alisema kwa fahari. "Si wewe ulitufunza kosa lisahihishwe siku hiyo hiyo?"

Obwocha alipapasa Tanganyika yake. Palikuwa laini tu. Hasira yake ilikosa pa kwenda: amtukane nani, na binti wa watu alikuwa ametii? Aliichukia kazi yake yote, miaka thelathini na minne ya kalamu nyekundu.

Mkaguzi aliingia, akayazunguka matufe, akamgeukia Obwocha kwa heshima.

"Asante, mzee wetu. Lakini niambie, ulikusanya saba ya nini, na yote ni sawa?"

Walimu wakacheka kwa upendo.