Ndugu Yetu wa Uingereza

Yaya yangu, yaani kaka yangu mkubwa, ana saluni kule Rwambuzi, mtaa wa Bunia, chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa pazia. Upande wa mbele yeye ananyoa wanaume, upande wa nyuma mimi nasuka wanawake. Pazia linazuia macho, masikio haliyazuii, kwa hiyo kila upuuzi uliosemwa Bunia juu ya mpira wa Uingereza umepita kwangu kabla ya kufika barabarani.

Mwaka ule timu ambayo yaya anaishabikia ilinunua mshambuliaji mpya kutoka Amerika ya Kusini, kijana mwenye nywele ndefu ambazo ningezisuka vizuri kwa nusu siku. Huko alikotoka alikuwa anafunga magoli kama mtu anayechuma mapera. Alipofika Uingereza, mguu ukamgeuka. Mechi ya kwanza alipiga mpira ukaenda kwa watazamaji. Mechi zilizofuata, hata hao watazamaji hakuwafikia.

Wabishi walikuwa watatu, walewale kila mwisho wa juma. Kulikuwa na yaya mwenyewe. Kulikuwa na muzee mmoja, mwalimu wa Kifaransa aliyestaafu, ambaye hakuwa na nywele za kunyoa lakini alikuwa na kiti chake. Wa tatu alikuwa mchimba dhahabu, Mwislamu, aliyekuwa anashuka kutoka Bambu kuja kutengenezwa ndevu.

"Ni baridi," yaya alisema. "Mutu ametoka pahali pa jua, munamutupa mu barafu. Miguu inaganda."

"Hapana baridi, ni luga," mwalimu alijibu. "Wenzake wanamuitia 'kushoto, kushoto', yeye anasikia kelele tu. Adaptasyo, ile kuzoea, inaanza na luga. Inaomba wakati."

"Weye muzee, mupira iko na luga gani?" mchimba akauliza. "Ile kijana iko na woga. Mabeki ya kule wanapiga mutu mu kifundo, refa anaangalia mawingu. Mumulete kwetu Bambu juma moja ashuke mu shimo. Akitoka, ataona beki ni mutoto."

"Ni muvivu!" nikapaza sauti kutoka nyuma ya pazia. "Angalieni namna anakimbia. Kama mutu anatafuta kiatu mu giza."

"Nani ameuliza wasusi?" yaya akasema, na mteja wangu akacheka mpaka nikapoteza mstari.

Mambo yangebaki hapo, kama yaya asingeyapeleka kanisani.

Kwetu, kabla ya mahubiri, pasta huuliza nani ana hitaji la maombi. Jumapili hiyo yaya alisimama. Nilidhani ataombea mgongo wake.

"Muniombee ndugu yetu mumoja iko Uingereza," alisema, uso umemshuka. "Alienda kule sababu ya kazi, sasa kazi inamukatalia. Baridi inamutesa, luga hajui, na watu ya kule wanamupiga."

Pasta akauliza jina. Yaya akataja jina la kwanza tu, jina la mtakatifu ambalo nusu ya vijana wa Butembo wanalo. Niliuma ncha ya kitenge changu nisipasuke kwa kicheko. Wamama wa kikundi cha maombezi walisimama wote. Waliomba wakilia, waliomba wakipiga miguu chini, wakaamuru kila mkono unaompiga mtoto wetu unyauke. Nikawaza: mikono haina shida, wanampiga kwa miguu.

Mama yetu hakuwepo, goti lilikuwa limemlaza nyumbani. Katikati ya juma, mkubwa wa wale wamama akaja kumsalimia na samaki wa kukaushwa kutoka Tchomia.

"Pole ya mutoto," akamwambia.

"Mutoto gani?"

"Yule wa Uingereza, mama. Usijifiche. Mungu anamuona."

Sasa, baba yetu marehemu alikuwa dereva wa lori kati ya Butembo na Bunia. Alituachia jina zuri na usiku mwingi wa kulala njiani wenye maelezo mafupi: lori lilikwama, daraja lilianguka, mvua ilikataa. Mama hakuwahi kuuliza sana. Lakini mgeni alipotoka, alikwenda ukutani akaigeuza picha ya baba, uso ukatazama matofali.

Sisi hatukujua kitu. Tuliona tu sahani zinatua mezani kwa kishindo. Ilipofika siku ya kupikwa yule samaki, mama aliweka sufuria mbele yetu akabaki amesimama.

"Kuleni samaki ya mutoto wa baba yenu."

Yaya alibaki na tonge la bugali hewani. "Mutoto gani, mama?"

"Ile ya Uingereza! Iko na miaka ngapi? Na mama yake ni nani? Ni yule wa Komanda, mwenye kuuza chai?"

Nilicheka. Sikukusudia, kicheko kilitoka chenyewe, na kikaharibu kila kitu.

"Kumbe na weye unajua," mama akaniambia. "Wote munajua. Hata kanisa linajua. Ni miye peke yangu." Akaketi, akaanza kulia bila sauti, akiikunjakunja leso yake. Hapo kicheko kiliniisha. Sikuwa nimemwona mama akilia hivyo tangu mazishi.

Yaya akapiga magoti mbele yake, mwanaume mwenye mke na watoto. "Mama, ni mucheza mupira."

"Baba yenu alizaa mucheza mupira?"

"Hapana mama! Baba hakumuzaa. Hatumujui. Ni wa timu yangu. Ni wa mu televizyo!"

Akatoa simu, akamwonyesha. Mama aliisogeza mbali, akaileta karibu, akaisogeza mbali tena.

"Huyu muzungu?"

"Ndiyo, mama."

"Hana kitu ya baba yenu hata moja."

"Hata moja, mama."

Mama akainuka, akaigeuza picha, akakifuta kioo taratibu kwa ncha ya kitenge. Alipomaliza, akavua kandambili. "Umenichafulia bwana yangu mu kaburi!" alisema, na yaya akapigwa mabegani kama mtoto wa shule ya msingi, wala hakukimbia. Mimi pia nilipata pigo langu moja, la kicheko.

Jumapili iliyofuata mama alikwenda kanisani na goti lake, akamsimamisha yaya mbele ya watu aeleze. Yaya akaeleza. Korali ya vijana ndiyo iliyopasuka kwanza. Pasta akainua Biblia ikamfunika uso, na mabega yake yakawa yanatikisika. Tulijua anashabikia timu nyingine.

Mkubwa wa maombezi hakucheka. Alisimama, akamtazama yaya.

"Huyo kijana iko na mama?"

"Iko naye."

"Mama yake iko wapi?"

"Kwao, mbali sana."

"Na baridi inamutesa kweli?"

"Kweli, mama."

"Basi siye tunaendelea. Keti."

Jumamosi moja baadaye, goli likaja. Kijana alikuwa ameanguka mbele ya lango, anajaribu kuinuka, krosi ikampiga mgongoni na kuingia. Nilimwacha mteja kichwa nusu, nikakimbilia televisheni upande wa mbele. Yaya akapiga kelele kwamba baridi imepungua. Mwalimu akasema wenzake walimwitia 'inama' na sasa ameelewa luga. Mchimba akasema beki ndiye aliyemwangusha, kwa hiyo goli ni la beki. Mimi nikasema amefunga akiwa amelala, kama nilivyowaambia tangu mwanzo.

Hakufunga tena. Mwezi wa kwanza timu ikamtoa kwa mkopo kwenda Uturuki, na kule saluni wakabishana kama kosa lilikuwa lake au la kocha, mpaka umeme ukakatika.

Majuma machache baadaye nilimkuta mama uani anatwanga sombe, majani ya muhogo, yaya amekaa kando yake.

"Yule mutoto," mama akauliza bila kuinua kichwa, "kule wamemupeleka, anakula muzuri?"

"Anakula, mama. Na jua iko. Ameshafunga mara mbili."

Mama akatwanga kidogo, akapumzika juu ya mchi.

"Basi aoe sasa," akasema, "tuombee kitu ingine."